Usibakize Hata Mstari

Sindano ya kwanza iliingia kwenye kona ya jicho la kulia. Pudensiana aliung'ang'ania mkono wa mwanawe.

"Vumilia, mayu," Masalu akamwambia mama yake. "Bado kidogo."

Mtu asimdhanie vibaya. Pudensiana hakuwa mwanamke wa urembo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na tatu, vidole vimepinda kwa jembe, na kipodozi alichokijua maishani ni mafuta ya mgando. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha Zakia, fundi wa kunyoosha ngozi, nyuma ya duka la vitenge hapo Mpanda mjini, anachomwa usoni, kwa sababu alitaka kuishi.

Kijijini kwao, saa mbili kwa pikipiki, watoto wawili walikuwa wamekufa kiangazi kile. Mganga akasema anayewala ni bibi mwenye macho mekundu yaliyozungukwa na makunyanzi. Sasa bibi gani aliyepikia kuni miaka hamsini hana macho hayo? Lakini nani wa kumuuliza mganga. Theopista, shoga yake Pudensiana tangu usichana, walimkuta kwenye shamba lake la mihogo, amekatwa panga. Hakukamatwa mtu. Wiki iliyofuata watu wakaanza kumtazama Pudensiana machoni, halafu wanageukia pembeni.

Ndugu wote wakamkwepa. Aliyekuja ni Masalu, na huyo ndiye hakumtegemea. Mwaka jana waligombana vibaya. Kijana alitaka kuuza shamba la marehemu baba yake, eka arobaini kando ya barabara, naye akamjibu mbele za watu, "Utauza ukishanizika." Wakanuniana miezi. Leo kijana huyohuyo kauza mpunga wake wote ili mama yake atengenezwe macho. Damu nzito kuliko maji, Pudensiana aliwaza, na aliona aibu kwa maneno yake ya mwaka jana.

Zakia alikuwa nesi kabla ya kwenda Dar kujifunza kazi hii. Alieleza taratibu, kama anayemweleza mama yake mwenyewe.

"Kitu kimoja hakitoshi, mama. Sindano hii inalegeza misuli inayokunja ngozi. Jeli inajaza mabonde chini ya macho. Mkirudi baada ya wiki mbili napitisha mashine ya visindano vidogo, ngozi ijikaze. Na haya matone ni ya wekundu. Mistari nitabakiza kidogo, uso ufanane na umri."

"Usibakize," Masalu alisema. "Hata mstari mmoja, dada."

"Sawa. Nipige basi picha ya kabla, ili baadaye tulinganishe."

"Picha hapana."

Zakia akairudisha simu mfukoni. Wateja wengi hawapendi picha.

Wiki sita Pudensiana alikaa kwenye chumba alichopanga Masalu, karibu na stesheni. Hakutoka ila kwenda kwa Zakia, tena kajifunika khanga mpaka puani. Masalu alimpikia uji, alimtia matone asubuhi na jioni, na kila siku alimsogeza dirishani amkague.

"Kijijini nimesema uko Kapalamsenga kwa dada yako," alimwambia.

"Na wakiniuliza juu ya uso huu?"

"Habari za sindano usizitaje. Watasema kama huna hatia mbona ulijibadilisha. Wewe nyamaza, mayu. Nitasema mimi."

Akamwapisha kwa kaburi la marehemu mumewe, na Pudensiana akaapa.

Wiki ya sita alijitazama kwenye kioo cha Zakia. Macho yalikuwa meupe. Pembeni yake palikuwa laini, kama enzi zile alipokuwa akimbeba Masalu mgongoni kwenda kupalilia. Akalia kwa furaha, na hata kulia hakukumkunja.

Jumamosi sungusungu, walinzi wa kijiji, waliitisha kikao uwanja wa shule. Wajane wote wafike, ilisemwa. Masalu alimpakia mama yake kwenye pikipiki asubuhi na mapema. Njia nzima Pudensiana aliwaza jambo moja, akalinyamazia ili liwe zawadi. Kikao kikiisha salama, atakwenda kwa mtendaji wa kijiji amwandikie Masalu shamba lote, auze akitaka. Mtoto aliyekuokoa humnyimi ardhi.

Alipoivua khanga usoni, uwanja mzima uligeuka kumtazama. Gaudensia, jirani aliyekuwa akila naye sahani moja, alimtazama kwa muda, halafu akamvuta mjukuu wake nyuma ya mgongo. Pudensiana akajisemea, wameyatafuta macho mekundu wameyakosa, acha washangae. Akakaa na wajane wenzake. Wenzake wakasogea, pakabaki nafasi ya watu wawili.

Gervas, mkubwa wa sungusungu, aliuliza nani ana neno.

Masalu alisimama kabla ya wengine. Pudensiana akashusha pumzi, kwa mara ya kwanza tangu wamzike Theopista. Atanisemea, aliwaza. Mwanangu atanisemea.

"Mimi ni nani nisimhurumie mama aliyenizaa," Masalu alianza. "Lakini kweli sitaificha. Mlimwona alivyoondoka hapa, bibi kizee. Mnauliza miaka ya wale watoto wawili imekwenda wapi. Mtazameni machoni."