Mkeka wa Bibi Losa

Bibi Losa alimpa mjukuu wake Sefina mkeka wa majani ya mkadi uliolainika kama kitambaa kwa kupita mikononi mwa watu. Mji mzima uliamini kwamba mkeka ule una mana, ile nguvu isiyoonekana ambayo wahenga wao walikuja nayo kisiwani kwa mitumbwi. Sefina akaufungia sandukuni, akiogopa hata kuugusa.

Mama wa nyumba ya pili alipofiwa na mwanawe, Bibi Losa akasema, "Utoe, mjukuu wangu, umpelekee."

"Si utaondoka na mana yake, Bibi?"

Bibi akacheka taratibu. "Mimi nililetewa siku tulipomzika mama yako. Aliyeniletea naye aliletewa msibani kwake. Sasa wewe unadhani mana hiyo imeingilia wapi, sandukuni?"

Sefina akaubeba mkeka mikononi, akavuka njia. Mfiwa aliupokea, akaukumbatia, na machozi yaliyokuwa yamemkatalia tangu alfajiri yakamtoka.

Sefina aliporudi nyumbani, sanduku lilikuwa tupu, ila bado lilinukia mkadi. Akaliacha wazi.