Doa Kwenye Kioo

Binti rubani alikuwa amempakia mama yake kwa mara ya kwanza, akamsihi asiseme neno mpaka watue. Kiwanja kidogo walichokiendea hakikuwa na waongozaji wa ndege. Kila rubani hutangaza mwenyewe redioni alipo, na redio ilikuwa kimya.

Mama akatii. Akatoa leso, akailowesha mate, akaanza kusugua kioo cha mbele.

"Mama, acha jamani!"

"Doa gani hili, mwanangu? Nasugua, lenyewe linakua tu."

Binti akatazama. Doa lilikuwa na mabawa.

Akakata kona upande wa kulia, roho mkononi. Ndege nyeupe ikapita ubavuni mwao, ikaenda zake.

"Limetoka!" Mama akapiga vigelegele.

Binti akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Sugua na huku kwangu, mama."