Rimoti ya Mume Wangu

Kwa tamthilia, mtaa mzima hakuna wa kunishinda: mtu akitokea tu, najua kama atakufa. Shida ni kwamba nasinzia kabla hajafa, nahadithiwa asubuhi.

Mume wangu ni wa filamu za ngumi. Tamthilia zangu anaziita kilio cha kuteketeza umeme, na rimoti, ile iliyofungwa mpira betri zisidondoke, akiwa nyumbani haijawahi kutoka mkononi mwake.

Leo amerudi kutoka hospitali, alikokwenda kuchukua majibu.

"Daktari kasemaje?"

"Mzima kama kigongo, mama watoto."

Akaketi, akaichukua rimoti, akaigeuzageuza, kisha akanipa. Ilikuwa na joto, imelowa jasho.

"Weka tamthilia yako. Yule mama mkwe mwenye roho mbaya, kaishia wapi?"

Siku zote nasema: kwenye tamthilia, mtu mkorofi akianza upole ghafla, ujue kaburi lake linachimbwa.

Nikawasha, lakini nikamtazama yeye.

"Baba watoto, hata hao wa ngumi wanajua kuigiza kuliko wewe. Daktari kasemaje?"

Akakazia macho televisheni.

"Ongeza sauti," akasema, "sisikii."

Sauti tayari ilikuwa juu, mpaka jirani anaifuatilia kupitia ukutani.