Aproni Pana

Alitapika kwenye sinki la karibu na mlango, kwa kelele, na karakana nzima ya kushona sare ikamsikia.

"Pole, wifi," alisema mke wa kaka yake aliporudi kwenye cherehani. Walikaa jirani, wote ndani ya aproni pana za kazi.

"Yatapita," alijibu, akashika kiuno. Leo mikataba ya kudumu ilikuwa inasainiwa, na sheria ya Msimamizi hata paka wa stoo aliijua: mwenye mimba hasaini, anafungasha. Mwaka jana mwenzao mmoja alilia mpaka getini, na hakuna aliyeinuka kumsindikiza. Yeye pia hakuinuka, na aibu ile haijamtoka mpaka leo.

Msimamizi alikuja akipita kati ya mashine, anakagua matumbo kama mtu anayechagua matikiti sokoni. Akasimama nyuma ya yule mke wa kaka. Akainama kidogo.

Mara mkasi ukaanguka sakafuni. Yule aliyetapika alikuwa ameshika tumbo, anaguna kwa maumivu.

Msimamizi akageuka, akaitazama aproni iliyotuna, akacheka. "Kumbe ni wewe. Na umri huo?"

Yalimchoma. Ndoa yake ilikuwa ya miaka mingi, na wote pale walijua hajawahi kuitwa mama.

"Bosi, naomba nisaini kwanza."

"Utasaini nini? Twende zahanati ukapimwe. Nakupeleka mwenyewe, nyie mna ujanja mwingi. Karani, wasainishe hao waliobaki."

Zahanati ilikuwa ng'ambo tu ya barabara, lakini alitembea polepole, akisimama kila mara kuvuta pumzi. Msimamizi alisonya njia nzima.

Nesi alimwacha bwana yule nje, akavuta pazia. Alipomfungua aproni, vikadondoka vipande vya vitambaa vilivyokunjwa, kimoja baada ya kingine, mpaka tumbo likabaki bapa.

"Dada, wewe huna mimba," nesi alinong'ona. "Yule akiviona hivi atakufukuza kwa udanganyifu."

"Najua." Aliketi kitandani, akajifuta machozi kwa kitambaa kimojawapo. "Naomba unicheleweshe kidogo tu. Wifi yangu yuko mwisho wa foleni, na mimba yake ina miezi sita."