Viganja vya Seremala

Miezi saba ya useremala, na viganja vya mumewe vilikuwa bado laini kama vya karani. Alivichungulia asubuhi hiyo alipokuwa akimmiminia chai: hapakuwa na sugu, wala mkwaruzo, wala ukucha uliopigwa nyundo. Hata hivyo, kila jioni nywele zake zilijaa vumbi la mbao.

"Mbona unanitazama hivyo?" mume aliuliza.

"Natazama mikono ya fundi."

"Tazama na yako. Inanuka sabuni kuliko chachu." Akamega mkate. "Na huu siku hizi umenyooka kama wa kiwandani, bibie."

"Mazoezi," alijibu.

Walikuwa wameacha kazi mwezi uleule, mke maabara ya hospitali, mume ofisi ya mizani na vipimo, baada ya kuhudhuria semina. Msemaji aliwaagiza wote ukumbini wafuate moyo. Wengi waliufuata mpaka kituo cha basi; wao waliufuata mpaka kwenye barua ya kujiuzulu. Mume alipenda mbao tangu ujana, mke alipenda kuoka. Kipenda roho hula nyama mbichi, walisema wahenga; kuhusu tumbo siku ya pili hawakusema kitu.

Sasa mke alishuku kuna mwanamke mwingine. Saa ya mapumziko ya mchana alikwenda karakana.

Fundi mkuu, mzee mwenye penseli sikioni, alizima msumeno.

"Mumeo? Huyo hupita hapa saa kumi na nusu, shemeji. Hujimwagia vumbi kichwani kama anayeoga, huaga, huenda zake."

"Hafanyi kazi hapa?"

"Alifanya, wiki tisa. Mwanzoni aliimba. Kisha watu wakaanza kuagiza: meza kumi na mbili zinazofanana, ziishe Ijumaa. Wimbo ukakatika. Siku moja akaketi hapo ulipoketi, akaniambia, 'Nilikuwa na kitu kimoja nilichokipenda, na sasa nakichukia.' Akarudi kwenye mizani yake."

"Kwa nini hakuniambia?"

Mzee alipuliza vumbi lililoshika kwenye randa.

"Anasema uliacha kazi kwa kumwamini yeye. Akikiri kwamba alikosea, utabaki mjinga peke yako mbele ya tanuri. Nikamwambia uongo una siku zake. Akaniuliza kama nina vumbi laini zaidi, maana lile linamwasha."

Hasira aliyokuja nayo mke haikupata pa kuketi.

"Nisaidie jambo moja, mzee wangu. Usimwambie kwamba nilikuja."

"Utamwambia mwenyewe?"

Aliitazama saa yake, akainuka upesi. "Nitachelewa."

Jioni alisimama kwenye ngazi, hatua chache chini ya mlango wao, akasikiliza. Mume alikuwa ndani, akikohoa vumbi lake. Mke alivua koti jeupe la maabara, akalikunja, akalisukuma chini kabisa ndani ya kikapu chake. Akajipaka unga mikononi hadi viwikoni, na kidogo shavuni. Kisha akabandua lebo ya duka kwenye mkate, akabisha hodi.