Injini ya Mfamasia

Karatasi ya gari la Mfamasia ilipotoka kwenye mashine ikisoma nguvu za farasi mia nne na kumi na mbili, Meneja alipiga makofi kama wengine. Alipiga mara tatu tu, kisha akaitia mikono mfukoni.

Mashine yenyewe ilikuwa mali ya klabu: magurudumu ya chuma yaliyozikwa sakafuni. Unapandisha gari juu yake, unakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari linanguruma bila kwenda popote, halafu kikaratasi kinatoka kusema ukweli wako mbele za watu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, asubuhi, wapenzi wa magari ya Kijapani walikusanyika hapo, kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, na kila mmoja alibandika karatasi yake kwenye kioo cha mbele. Ya Meneja ilisoma mia mbili na sitini. Tangu Machi alikuwa akiisahau nyumbani.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Supra yake na ya Mfamasia zilikuwa pacha, za mwaka mmoja. Yake aliipaka rangi ya zambarau, akaivisha rimu za shaba, bawa la nyuma na viti vya ngozi. Aliendesha duka la vigae, alijua thamani ya kitu kinachong'aa. Ya Mfamasia ilikuwa imebabuka rangi mlangoni na bampa lake limefungwa kwa waya. Mwenyewe alikuja na kandambili, mtu mpole, anaongea kama anakuelekeza dozi. Na bado watu walilipita gari la zambarau bila hata kugeuka, wakaenda kuinamia injini ya gari la waya. Mwaka jana kundi hilo lilikuwa lake. Sasa aliona wivu, na hakujisumbua kuupa jina jingine.

Alimuuliza Mfamasia nani anamtengenezea. Mfamasia akacheka kidogo, akasema anaye fundi wake, ila fundi huyo hapendi kutajwa.

Meneja akaenda moja kwa moja gereji kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ndiye pekee aliyewahi kuligusa gari lake. Januari alikaa nalo wiki tatu akiifungua injini yote na kuifunga upya. Meneja alilalamika kwamba tangu hapo gari limekuwa zito. Shemeji akamtuliza: injini iliyofungwa upya inataka muda wa kuzoea, na mafuta ya siku hizi nayo ni maji matupu. Mwezi wa tisa ulikuwa umefika, na gari lilikuwa bado linazoea.

"Basi nitainunua ile ya Mfamasia," Meneja akasema.

Spana ilimponyoka shemeji. "Achana na injini ya mtu, shemeji. Hujui imetoka wapi."

"Na wewe wivu umekuingia? Fundi mwenzako amekuzidi, huwezi kukubali."

Shemeji aliinama kutafuta spana yake, akakaa huko chini kwa muda mrefu.

Mfamasia hakutaka kuuza. Meneja akapandisha dau, akatikisiwa kichwa. Akapandisha tena, akatikisiwa kichwa. Mwisho akataja kiwanja. Hapo kichwa kikatulia.

Kiwanja hicho Meneja na mkewe walikuwa wamekizungushia uzio miaka sita iliyopita. Ramani ya nyumba ilikuwa tayari, na mke alishajua dirisha la jiko litatazama upande gani. Alipoambiwa, aliitandaza ramani mezani.

"Mume wangu, kwa hiyo watoto watalala ndani ya injini?"

Meneja akamjibu kwamba nyumba inaweza kusubiri, lakini yeye amechoka kuchekwa. Hakuna aliyekuwa akimcheka, na mkewe alimwambia hivyo. Hakusikia. Mke akaikunja ramani, akaiweka juu ya kabati.

Shemeji alipoitwa aje kuifunga injini, alisema ana safari, na simu yake ikawa haipatikani. Meneja hakujali, akatafuta fundi mwingine, aliyeimaliza kazi kwa siku nne.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata, karatasi ilitoka ikisoma mia nne na kumi na tano. Watu waliizunguka zambarau, wakaipiga picha, wakamtaka afunue boneti tena na tena. Mfamasia alikuja kwa miguu, kandambili zake zimejaa vumbi la saruji, akapiga makofi kwa moyo mmoja. Meneja alimtazama akiwa peke yake pembeni, bila gari, na akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia hata siku ya harusi yake. Karatasi aliibandika katikati kabisa ya kioo.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya usajili wa magari, kwa sababu ukibadilisha injini ni lazima kadi nayo ibadilishwe. Ofisa, mama mmoja mwenye miwani, alitoka naye nje, akafunua boneti na kuwasha tochi. Alifuta grisi kwa kitambaa, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akatazama kadi. Akainama akasoma tena.

"Baba, umesema umebadilisha injini?"

"Nimebadilisha. Hii ni nyingine kabisa, mama, ilikuwa ya mwenzangu. Nataka iandikwe jina langu."

Mama alizima tochi, akamrudishia kadi yake bila kuandika kitu.

"Imeshaandikwa. Hii ndiyo injini iliyoingia nchini na gari lako."