Tumbaku kwa Mbali

Baba aliinamia tangi tunamolowekea kahawa, akakohoa, akatema. Mate ya ugoro, ya rangi ya matope, yalining'inia mdomoni kama uzi, yakakataa kukatika. Akayakata kwa kidole, akakikung'utia mle mle.

Nilimvuta mkono.

"Baba! Unafanya nini?"

"Naibariki. Babu yako alitema hapa kila mavuno, na baba yake vilevile. Kwani hukujua?"

Sikujua! Nilichojua ni kwamba kila mwaka mnunuzi wetu hunusa kikombe, hunywa, hufumba macho na kusema kahawa ya shamba hili ina ladha ya tumbaku kwa mbali, ambayo hajaipata kwingine kokote. Nami hunywa naye, nikajivuna, nikaongeza kikombe cha pili.

Honi ya gari lake ilisikika kutoka barabara ya Matai.

Baba alijifuta mdomo kwa kiganja, kisha akanishika shavu kwa kiganja hicho hicho.

"Mimi nimezeeka, Cornelia. Shamba sasa ni lako."

Akafungua kopo la ugoro, akanisogezea.

"Weka kidogo chini ya ulimi," alisema. "Ila usimeze."